Sisimizi Kwenye Chupa ya Dawa

Jicho la kushoto la Mwanzia lilikuwa limevimba likafumba kabisa, lakini mdomo wake ulikuwa mzima, na aliutumia.

"Afande, mimi ni dereva. Usukani, breki, basi. Kasha la dawa linafungwa kufuli na daktari, linafunguliwa na nesi. Ufunguo wenyewe sijawahi hata kuushika. Nitaibia wapi?"

"Watu wa Ziwani wanasema uliuza dawa ya kweli mjini, ukarudishia vidonge vitupu."

"Watu wa Ziwani pia wanasema nanyonya damu ya watoto. Hilo mbona hamjaniandikia?"

Sajini Mativo alicheka pale mlangoni, kisha akajikohoza. Inspekta Phares Owuor hakucheka. Alichuchumaa mbele ya yule dereva, magoti yakamlia, akamtazama lile jicho moja lililobaki wazi. Alikuwa amehoji wezi wa kila aina, na mwizi anapoulizwa kuhusu ufunguo huangalia pembeni. Huyu alikuwa anamkazia jicho kama mtu anayedai haki yake.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuisimulia, ngumu kuimeza. Kliniki moja ya utafiti kando ya Jogoo Road ilikuwa inajaribu dawa mpya ya selimundu, ule ugonjwa wa kuzaliwa unaopinda damu ya mtoto mpaka analia kila kiungo. Nusu ya watoto walipewa vidonge vyenye dawa, nusu wakapewa vidonge vitupu vya kufanana navyo, na hakuna mzazi wala daktari aliyeruhusiwa kujua nani kapata nini mpaka utafiti uishe. Kisha Alhamisi, Adhiambo, msichana wa miaka sita wa mtaa wa Ziwani, akabanwa kifua akafa, na kucha zake zilikuwa nyeusi. Watu walipoziona wakasema sumu. Gari la kliniki likatokea kumchukua mgonjwa, limechelewa, na Mwanzia ndiye aliyekuwa usukanini. Mitaa ya Eastlands haihitaji hakimu kwa mambo kama hayo. Polisi walimnasua mikononi mwa watu akiwa na shati nusu.

"Kesho asubuhi yuko Makadara mbele ya hakimu, na shtaka ni kuua," mkubwa wa kituo alikuwa amesema. "Kuna maiti, kuna mtu, kuna kelele nje ya geti langu. Unatafuta nini tena, Owuor?"

Owuor alikuwa anatafuta ukweli, bidhaa ambayo kituo hicho hakikuwa nayo siku zote.

"Mke wangu nyumbani ana mimba," Mwanzia alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nikiingia rumande nikingoja kesi, nitatoka mtoto anaenda shule. Afande, wewe mtoto wako yuko kwenye ile ile kliniki. Nimewahi kumbeba mwenyewe, Awino, akilia njia nzima. Naweza kumfanyia mtoto hivyo?"

Hilo lilikuwa kweli. Awino, binti wa pekee wa Owuor, wa miaka mitano, alikuwa kwenye utafiti huo huo. Krismasi iliyopita alikuwa mifupa mitupu. Sasa alikuwa anakimbia, anaruka kamba, anagombana na kuku wa jirani. Owuor alikuwa amemshukuru Mungu kanisani, mbele ya watu, mikono juu.

Nje ya korokoro Mativo alimshika mkono.

"Afande, na hii ya kwenye shati ni nini? Nyekundu hivi? Nani amekupaka?"

Owuor alitazama mwisho wa mkono wa shati. Alama ya rangi ya kucha.

"Mtoto. Siku hizi hakubali kukaa bila rangi. Mama yake anampaka kila wiki."

"Sema hivyo hivyo nyumbani," Mativo akamcheka. Mativo alikuwa mtu wa Machakos, mzee kazini, na ulimi wake haukuwahi kupandishwa cheo kwa sababu haukujua kunyamaza. "Mimi nakuambia, kikulacho ki nguoni mwako. Hii ni kazi ya mtu wa ndani. Ukitaka, tumwanike yule nesi."

"Twende Ziwani kwanza."

"Jumapili hii? Kwenye matanga?"

"Matanga ndiyo mahali watu hawana nguvu ya kudanganya."

* * *

Turubai lilikuwa limefungwa kutoka mlangoni kwa Aloo mpaka kwenye mti wa umeme, na baridi ya Julai ilikuwa imewakalisha wanaume karibu na moto mchana kweupe. Walipomwona Owuor wakampisha njia. Aloo, mama wa marehemu, alikuwa ndani, kwenye mkeka, kitambaa kimemteleza kichwani na hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Alikuwa rafiki wa Adongo, mke wa Owuor. Waliimba kwaya moja, sauti ya kwanza, bega kwa bega.

"Shemeji," Aloo alisema, "mmemnyonga yule mtu?"

"Bado. Nimekuja kukuuliza, Mama Adhi. Pole, lakini nitauliza."

"Uliza. Machozi yameisha."

"Dawa. Nani alikuwa anakuletea?"

"Si unajua? Mama Awino. Tangu mwanzo ndiye anatuchukulia wote wa kwaya. Kwenda kliniki ni siku nzima imekwisha, na sisi ni watu wa kufua na kuuza sokoni. Yeye mwalimu, nesi anamheshimu, anampa chupa zote kwa mfuko mmoja. Jumamosi anatugawia. Mungu ambariki."

Owuor aliitikia kwa kichwa. Alijua. Mfuko wenyewe, wa kitenge, ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni kwake. Aliandika moyoni: kliniki, nesi, halafu mfuko. Mwanzia hakuwa popote kwenye mstari huo.

"Nionyeshe chupa."

Aloo alinyanyuka akitegemea ukuta, akafungua kabati ya vyombo. Chupa ya plastiki nyeupe ilikuwa imesimamishwa katikati ya kisahani cha maji, kama vile watu wanavyoweka bakuli la sukari.

"Mbona umeiweka kwenye maji?"

"Sisimizi, baba. Haki ya Mungu, wanaacha sukari wanapanda dawa! Na kifuniko kimekaza. Wanazunguka tu hapo kwa karatasi, wanatafuna."

Mativo aliinama. Ukingo wa ile karatasi yenye namba ya mtoto ulikuwa umeliwaliwa, mviringo mviringo.

"Wameanza lini?" Owuor aliuliza.

"Chupa zilizokuja Pasaka. Za mwanzo hazikuwa na shida hiyo. Nikasema labda ni hii nyumba imezeeka."

"Na kucha? Zilianza lini kuwa nyeusi?"

"Mwaka jana. Niliogopa. Nikamwonyesha mkeo, akasema ni damu imepungua, nimpe mboga ya managu na maini. Nikampa." Alifuta pua kwa kiganja. "Lakini alikuwa na nguvu, shemeji! Mwaka jana wote hakulazwa. Halafu baada ya Pasaka ndio akaanza tena, mguu, mgongo, kifua. Na alikuwa anakunywa dawa vizuri kuliko zamani."

"Vizuri vipi?"

"Zamani alikuwa analia. Kile kidonge ni kikubwa, mtoto atakimeza na koo gani? Sisi wamama tunakifungua, tunamwaga ule unga kwenye kijiko cha asali. Daktari alikataza, lakini daktari hakai na mtoto usiku. Adhi alikuwa anatema, anasema ni chungu, chungu, mpaka namshika pua. Halafu baada ya Pasaka akaacha. Anafungua mdomo, anameza, anacheka. Nikasema, asante Yesu, amezoea."

Owuor alitoa leso, akaifunga ile chupa.

"Nitaichukua hii."

"Chukua. Na umwambie Mama Awino asiondoke kesho kabla hatujapanga nyimbo. Ijumaa alilala hapa na mimi, amenishika kichwa usiku mzima. Ndugu zangu wa tumbo moja hawajanifanyia hivyo."

* * *

Daktari Kilonzo alifungua mlango wa kliniki mwenyewe, akiwa na sweta ya kanisani na uso wa mtu ambaye hajalala tangu Alhamisi.

"Walifungua vidonge?" aliuliza daktari baada ya Owuor kumweleza. Alikaa kwenye kiti kwa kishindo. "Niliwaambia mara ngapi? Ganda lile ndilo linaloficha ladha! Ndani ya ganda hakuna anayeweza kujua. Ukilifungua, dawa ni chungu kama mwarobaini, na vile vitupu havina ladha kabisa. Wamama wote wa Ziwani wamejua siri ambayo mimi mwenyewe siijui!"

"Wewe hujui nani anapewa nini?"

"Sijui. Namba ziko kwa watu wengine. Ndivyo utafiti ulivyo, Inspekta. Daktari akijua, anaanza kupendelea bila hata kukusudia."

"Kucha nyeusi ni sumu?"

"Hapana. Ni dawa yenyewe. Kwa watu weusi hasa, inatia rangi kwenye mzizi wa ukucha, na ukucha unakua nayo. Haidhuru. Mtoto mwenye kucha nyeusi ni mtoto anayekunywa dawa ya kweli."

"Nilimwona Adhiambo pale chumba cha maiti," Owuor alisema polepole. "Nusu ya mbele ya kucha ilikuwa nyeusi. Nusu ya nyuma, hii inayotoka kwenye nyama, safi kabisa."

Kilonzo alinyoosha kidole chake mwenyewe, akakipima kwa macho.

"Basi aliiacha. Ukucha unakua pole pole. Nusu safi, hiyo ni kama miezi miwili, mitatu hivi."

"Pasaka," alisema Mativo.

"Lakini hakuiacha," alisema Owuor. "Mama yake amempa kila siku. Alimpa hii."

Aliweka chupa mezani. Daktari aliigeuza, akagusa karatasi ya namba, akakunja uso. Alichukua chupa nyingine kabatini akaweka kando yake.

"Karatasi zetu zinakuja na gundi yake nyuma. Unabandua, unabandika, kwisha. Hii imebanduliwa kwa mvuke ikabandikwa upya na..." Alilowesha kidole, akasugua, akanusa. "Unga. Hii ni gundi ya kupika. Unga wa ngano na maji, kama ile watoto wa nasari wanabandikia picha."

Mativo alifungua mdomo kusema kitu cha kuchekesha, akamtazama mkubwa wake, akaufunga.

"Kwa hiyo," Kilonzo aliendelea, maana yeye alikuwa ameshika uzi na hakuona kitu kingine, "mtu amebadilisha namba za chupa mbili. Vidonge vitupu vikaenda kwa Adhiambo, na vyake vikaenda kwa mtoto mwingine. Ukitaka kumpata huyo mtu, usihangaike na dereva wangu. Nitafutie mtoto aliyeanza kupata nafuu Pasaka. Mwenye kucha zilizogeuka, nyeusi nyuma, safi mbele."

Owuor alikuwa anatazama mkono wa shati lake.

"Wazazi wamesahau subira," daktari alisema kwa uchungu. "Tena wakati huu! Habari zimefika wiki hii. Utafiti kama wetu huko ng'ambo, wa watu wazima, ulisimamishwa mapema mwaka huu kwa sababu dawa imefanya kazi waziwazi. Na sisi tumeruhusiwa. Kuanzia mwezi ujao hakuna vitupu tena. Kila mtoto atapata dawa ya kweli, kila mmoja. Nilikuwa niwaite wazazi Jumatano niwaambie."

Owuor aliirudisha chupa kwenye leso. Ilimchukua muda kuifunga.

"Afande," Mativo alisema nje, na safari hii hakukuwa na mzaha hata chembe. "Nikuendeshe mpaka nyumbani?"

"Rudi kituoni. Kaa karibu na simu."

* * *

Nyumba yao ya Buruburu ilikuwa inanuka unga uliopikwa. Adongo alikuwa jikoni, anakoroga sufuria ndogo kwa mwiko, karatasi za rangi zimetapakaa mezani. Kesho watoto wa nasari wangebandika samaki.

"Umerudi mapema, Baba Awino. Chai iko kwenye chupa. Yule dereva amekubali?"

Alikuwa ameuliza hivyo Ijumaa asubuhi. Alikuwa ameuliza hivyo jana, wakati anamwekea chakula. Owuor alikuwa amefurahi kuwa na mke anayejali kazi yake. Mjinga mkubwa.

"Awino yuko wapi?"

"Anacheza nje. Kwani?"

Owuor alivuta kiti akakaa. Alifungua leso, akasimamisha chupa katikati ya samaki wa karatasi. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Mwite mtoto," alisema. "Mfute rangi ya kucha mbele yangu."

Adongo hakumwita. Alizima jiko. Alifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni, kidole kimoja kimoja, kisha akaketi upande wa pili wa meza na kumtazama mumewe usoni.

"Ni nyeusi," alisema. "Hakuna haja ya kumfuta."

"Adongo."

"Nilionja, Phares. Dawa ya Awino nilionja ikawa unga mtupu. Nikaenda kwa Aloo nikaonja ya Adhi, ikanikunja ulimi. Wewe hujui. Wewe unakuja usiku unakuta amelala. Ni mimi nilikuwa namshika anapojikunja kitandani anauliza, 'Mama, nimekosa nini?' Na pale Ziwani mtoto wa mwenzangu ananenepa, anaruka kamba, anaimba! Mungu gani anagawa hivyo? Nikasema yule mwenye nguvu amwazime mnyonge. Kidogo tu. Wetu akisimama, nirudishe."

"Dawa si chumvi ya jirani, unaazima unarudisha!"

"Nilikuwa nirudishe!"

"Ulirudisha? Alipoanza kulia mguu ulirudisha? Alipobanwa kifua?"

Adongo alifunika macho. "Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Halafu namwangalia Awino anakimbia. Mkono haukutaka."

"Na Ijumaa ukaenda kulala kwa Aloo. Ukamshika kichwa. Anakubariki, Adongo, unajua? Nimetoka kwake sasa hivi na ananiambia Mungu akubariki." Owuor alikuwa mtu wa kupiga meza, lakini mikono yake ilikuwa mapajani na haikuinuka. "Na mimi je? Siku tatu nimemkalia mtu asiye na hatia. Jicho limefumba, mkewe ana mimba, kesho tunampeleka kortini, na wewe unaniwekea nyama kwenye sahani unauliza amekubali? Ulikuwa unataka akubali!"

"Nilikuwa naogopa."

"Nimesimama kanisani nikashukuru. Mikono juu. Umenifanya nimshukuru Mungu kwa wizi."

Nje Awino alikuwa anahesabu kwa sauti, anaruka, anakosea, anaanza tena.

"Kuna kitu hujui," Owuor alisema. Hakutaka kumwambia, na wakati huo huo hakuna kitu alichotaka zaidi. "Mwezi ujao vidonge vitupu vinaondolewa. Wote wangepewa dawa ya kweli. Awino na Adhi, wote wawili. Kilonzo alikuwa anawaita Jumatano."

Adongo alimtazama kama hajamsikia vizuri. Kisha akalaza kichwa mezani, juu ya samaki, bila sauti.

Owuor alikwenda sebuleni akainua simu.

"Mativo. Mfungulie Mwanzia. Ndiyo, sasa. Mpe shati, mrudishe kwa mkewe na gari la kituo. Bosi akiuliza, mwambie nimepata mtu." Alitazama mlango wa jikoni. "Halafu njoo Buruburu. Njoo na polisi wa kike. Usiwashe king'ora."

Aliporudi jikoni, Awino alikuwa ameingia. Alikuwa amepanda kiti, amechukua kijiko chake kwenye kikombe na kuvuta chupa ya asali ya Kitui, kwa sababu kiza kilikuwa kinaanza kuingia na huo ndio ulikuwa wakati wake. Kucha zake kumi zilikuwa nyekundu tii.

"Mama analala?"

"Amechoka."

"Basi wewe nipe dawa, Baba." Alifunga macho kwa nguvu, akajishika pua mwenyewe kama alivyofundishwa, akafungua mdomo.

Chupa ya mtoto aliyebaki hai ilikuwa kabatini, nyuma ya kopo la majani chai. Owuor aliitoa. Karatasi yake nayo ilikuwa imeliwa pembeni. Ilikuwa imejaa vidonge karibu nusu, vya kweli vyote, na vyote vilikuwa vya Adhiambo, na vyote sasa vilikuwa ushahidi. Adongo aliinua kichwa akamtazama mkononi.

"Phares," alisema. "Kimoja tu. Nakuomba."

Owuor alitia chupa mfukoni. Alichota asali, asali peke yake, akamlisha binti yake. Mtoto alimeza, akangoja ule uchungu uje, haukuja. Akafungua macho akacheka.

"Baba, leo si chungu!"